Picha za treni asubuhi ya kipupwe

Kikundi: UKOO WA MZEE OMARI
Jumamosi, Julai

[06:04] Salma: Assalaam alaykum wanandugu. Shikamooni wakubwa. Mimi na Rehema tumeshafika Buguruni. Leo tunapiga picha treni za abiria mpaka adhuhuri. Kusi linavuma, sweta tumevaa na kanga juu yake.

[06:07] Shangazi Mwajuma: Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Giza lote hili, watoto wa kike wawili na kamera? Simameni penye watu.

[06:08] Salma: Tupo kwa mama wa maandazi shangazi, karibu na kivuko cha reli. Wasafiri wamejaa. Tumeshika vikombe vya chai ya tangawizi kupasha vidole moto, maana vikifa ganzi kitufe cha kamera hukisikii.

[06:10] Idd Makambako: Baridi ya Dar hiyo jamani? Huku Makambako, nyanda za juu, maji ya kunawa uso tunachemsha. Ukungu umelala mpaka kwenye reli, huoni ng'ambo.

[06:11] Salma: Shikamoo kaka Idd. Huo ukungu ndio naulilia. Dar leo kama nyuzi 19, ila hewa imekuwa kavu na safi. Miezi ya joto asubuhi kuna unyevu mwingi, treni ikiwa mbali inaonekana kama iko nyuma ya chandarua. Kipupwe hakuna hilo, unaona behewa la mwisho kabisa.

[06:15] Mjomba Saidi: Salma, mna ruhusa? Watu wa reli ni wakali na kamera.

[06:19] Salma: Shikamoo mjomba. Hapa tupo barabarani kwa raia wote, hatugusi reli. Stesheni tutapita baadaye, tutaanza kwa stesheni masta, akisema hapana tunaondoka. Na SGR, ile reli mpya ya kisasa, tunapiga tukiwa nje ya uzio. Rehema ndiye mlinzi wangu: nikiweka jicho kwenye kamera yeye anatazama pande zote mbili za reli na barabara. Kazi hii peke yako siipendi, ukishachungulia kwenye kioo dunia nyingine huioni.

[06:20] Mjomba Saidi: Marahaba. Hapo sawa.

[06:48] Salma: 📷
[06:48] Salma: 📷
[06:49] Salma: Treni ya mjini hiyo, inaingia kutoka Pugu. Tazameni dirisha la tatu.

[06:51] Mama Salma: Huyo mama amejifunika kanga mpaka kidevuni, mtoto katoa vidole tu. Mashallah.

[06:52] Shangazi Mwajuma: Ana beseni mapajani, anakwenda Feri kuchukua samaki huyo. Mimi nawajua kwa jinsi wanavyokaa.

[06:53] Hamisi: Dada Salma mbona hukupiga mchongoko, ile treni ya SGR yenye pua ndefu? Watu wote wanataka mchongoko.

[07:05] Salma: Hamisi, mchongoko nitaupiga na nitafurahi. Lakini acha nikwambie kinachoniamsha alfajiri. Tangu SGR ianze kubeba abiria Juni 14, 2024, kila simu Dar ina picha yake. Ni haki yake, ni treni nzuri, inatembea kwa umeme, na Dodoma sasa watu wanaenda na kurudi siku moja. Sasa tafuta picha za treni ya mjini, ile watu waliyoibatiza treni ya Mwakyembe, jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, ilipoanza Oktoba 2012. Utapata za ufunguzi, viongozi na utepe. Za mama mwenye beseni saa moja kasoro asubuhi ni za kutafuta kwa tochi. Mabehewa haya yakiondoka, wajukuu wetu wataona kichwa cha treni kimeoshwa kwa ajili ya sherehe, watu waliopanda hawatawaona. Mimi nataka wawaone.

[07:06] Rehema (rafiki ya Salma): Na kutoka stesheni SGR inapita juu kwenye daraja la zege, reli ya zamani, ya upana wa mita moja, iko chini jirani yake. Ndoto yetu ni zote mbili ndani ya picha moja. Shikamooni wazee, Salma ameniunganisha humu leo.

[07:08] Mama Salma: Marahaba Rehema, karibu nyumbani. Umekula?

[07:08] Rehema (rafiki ya Salma): Nimekula mama, maandazi ya moto.

[07:30] Babu Omari: 🎤 Ujumbe wa sauti

[07:34] Hamisi: Babu ametuma sauti, nawaandikia: "Nimeiona. Huyo mtoto ana baridi. Salma, umesimama upande gani wa reli? Jua limekaa vizuri. Sisi kwenye gengi la kutengeneza reli tulijua jua kwa mgongo, mwezi wa saba likikuchoma kisogoni ukiwa umeinama na mtaimbo, basi umeelekea kusini."

[07:41] Salma: Shikamoo babu! Umepatia kabisa. Nipo kaskazini mwa reli. Dar iko kusini mwa ikweta, Julai jua linapita upande wa kaskazini siku nzima, kwa hiyo ukisimama kaskazini linakuwa mgongoni kwako na ubavu wa behewa unang'aa. Desemba na Januari ni kinyume, mchana linahamia kusini kidogo. Na asubuhi treni inayoingia mjini ndiyo ya kupiga, kwa sababu inatazama mashariki, jua linaipiga usoni. Inayotoka mjini uso wake mweusi tii. Jioni inageuka.

[07:44] Hamisi: Mimi nikipiga na simu treni inatoka kama moshi.

[07:52] Salma: Kwa sababu kioo kinakaa wazi muda mrefu. Hesabu ndogo: SGR ikiwa kwenye kilomita 160 kwa saa, inakwenda zaidi ya mita 44 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/250 ya sekunde, imeshasogea karibu sentimita 18, lazima ivurugike. Ukipiga kwa 1/1000 imesogea sentimita 4 na kitu, na ukiwa mbali jicho halitaona. Treni ya mjini inatembea taratibu, 1/500 inatosha. Simu yako ina sehemu ya kuchagua mwenyewe, ifungue. Halafu usisimame ubavuni kabisa, simama mbele kidogo kwa mshazari, treni ikiwa inakuja inaonekana kutulia zaidi.

[07:53] Hamisi: Nimeelewa. Jumamosi ijayo nije?

[07:54] Salma: Ukiruhusiwa na mama yako. Na uzio wa SGR huusogelei, zile nyaya za juu zina volti 25,000.

[07:55] Mama Hamisi: Ameruhusiwa kama Rehema yupo.

[09:26] Salma: 📷
[09:27] Salma: HAYA! Juu SGR, chini ya zamani! Rehema ndiye aliyesikia honi kwanza, akanivuta mkono.

[09:28] Idd Makambako: Aisee 🔥🔥

[09:28] Shangazi Mwajuma: Hii ichapishwe kubwa iwekwe sebuleni kwa babu.

[09:40] Babu Omari: 🎤 Ujumbe wa sauti

[09:46] Hamisi: Babu anasema: "Nzuri sana. Lakini hapo kuna reli mbili, Dar ina tatu. Ya chini ni ya Mjerumani, alianza kuijenga hapo Dar 1905, ikafika Kigoma 1914, upana wake milimita 1,000. Ya juu 1,435. Yangu mimi, TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni 1,067, imetengenezwa hivyo ilingane na reli ya Zambia. Ndiyo maana behewa la TAZARA haliwezi kupita kwenye reli ya Kigoma, mizigo inahamishwa pale Kidatu. Picha ya ukoo huu bila TAZARA haijakamilika. Mimi nimezeeka kwenye mataruma yale."

[09:49] Salma: Babu, usemi wako ni amri. Picha ya TAZARA tunaitaka tena ya abiria, siyo jengo tupu la stesheni.

[09:50] Mjomba Saidi: TAZARA ni kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Mimi nilisafiri nayo daraja la tatu, tuliona twiga mchana kweupe, watu wote wakahamia upande mmoja wa behewa.

[09:52] Babu Omari: 🎤 Ujumbe wa sauti

[09:55] Hamisi: "Ilikabidhiwa Julai 1976, mwezi kama huu. Kipande kigumu ni Mlimba hadi Makambako, mahandaki na madaraja, unapanda mlima usiku na baridi inaingia mpaka mifupani. Abiria wa Dar walikuwa wanapanda na shati moja. Tukiwaona Makambako wanatetemeka dirishani, wake zetu walikuwa wanawauzia chai na mahindi ya kuchoma, na blanketi wengine waliazimwa tu, hawakuuziwa."

[09:57] Shangazi Mwajuma: Mama aliazima lake mpaka likapotelea Zambia. Hakuwahi kulilalamikia.

[10:03] Salma: Hili sikulijua shangazi. Kaka Idd, upo? Nakuomba. Treni ya abiria ikipita hapo asubuhi, nipigie. Omba ruhusa stesheni kwanza. Simama ambapo jua litakuwa mgongoni, na ukungu ukiwepo usiusubiri uishe. Kamera iliyopoa nje ikiingizwa ndani penye joto na unyevu, kioo kinatoka jasho, kwa hiyo ukishaitoa nje usiirudishe ndani kabla treni haijafika. Na usikimbilie kichwa. Subiri mabehewa, tafuta anayenunua kitu dirishani.

[10:06] Idd Makambako: Nimekupata. Stesheni kuna kijana namfahamu, nitamuuliza treni inapita lini na kama haijachelewa.

[10:07] Rehema (rafiki ya Salma): Kaka Idd, uuze chai na wewe 😊

[10:08] Idd Makambako: Mke wangu anauza hapo hapo, chai na mahindi!

[10:09] Babu Omari: 🎤 Ujumbe wa sauti

[10:11] Hamisi: Babu anasema: "Basi Idd mpige mke wako akimpa abiria kikombe. Na ubao wa jina la stesheni uonekane nyuma."

[10:12] Idd Makambako: Sawa babu. Utaonekana.

[10:15] Mjomba Saidi: Gharama ya kuchapisha zote mbili ni juu yangu. Salma nitumie kipimo cha fremu.