Friza la kufunua juu, friji la milango miwili, au presha kuka tu? Mchezo wangu unatoka tarehe 30

MamaPili_Kibamba
Habari za jioni wapendwa. Nina jambo la kuamua kabla ya tarehe 30, siku ambayo mchezo wetu wa kuchangiana pesa unatoka kwangu.

Dada aliyekuwa ananisaidia nyumbani ameondoka tangu Pasaka na sijapata mwingine. Kazini Posta natoka saa kumi na moja, mwendokasi mpaka Kimara, halafu daladala, naingia ndani saa mbili kasoro siku ikiwa njema. Nikibandika maharage saa hiyo tunakula saa nne. Jumanne iliyopita mwanangu wa mwisho alisinzia ameegemea mlango wa jikoni, sare za shule mwilini, nikamlisha vijiko vitatu akiwa amefumba macho. Iliniuma sana.

Nataka niwe napika Jumamosi mboga za wiki nzima, nagandisha, jioni napasha na kusonga ugali. Sasa ninunue friza lenyewe, lile la kufunua juu? Au friji la milango miwili nipate vyote pamoja? Au niachane na barafu, nichukue presha kuka niwe napika kila baada ya siku mbili? Waliojaribu naomba mniambie.

Fundi_Baridi
Dada pole sana na majukumu. Ila umetuachia mambo mengi ya kubahatisha. Mko wangapi? Una shilingi ngapi? Sasa hivi una friji au huna kabisa? LUKU ni yako peke yako au mnachangia mita? Na umeme wa kwenu unakatika mara ngapi kwa wiki? Nipe hayo kwanza.

MamaWanne_Mbeya
Chukua friza la kufunua juu, usizunguke. Baridi ni nzito, inakaa chini, ukifunua mfuniko haimwagiki miguuni kama la mlango wa mbele. Langu lina mwaka wa tano. Nyama nanunua kilo kumi mara moja, nachemsha, nagawa. Maharage nayo hivyo hivyo. Sijutii hata shilingi.

Mchumi_wa_Jikoni
Mimi nasema presha kuka. Ukiloweka maharage usiku, yanaiva dakika 20 mpaka 25 za presha. Kwenye mkaa ni saa mbili mpaka tatu. Kwa nini mtu anunue chombo kinachokula umeme usiku na mchana wakati tatizo lake ni sufuria moja tu?

MamaWanne_Mbeya
Mchumi, dakika 25 ni za presha peke yake. Weka za kupanda presha, za kushuka, za kukaanga kitunguu na nyanya. Mama aliyetoka Posta amesimama garini ndiyo aanze hayo?

MamaPili_Kibamba
Samahani Fundi, nilikuwa na haraka. Tuko sita, watoto wanne, mkubwa yuko kidato cha pili. Baba yao ni dereva wa malori ya Tunduma, wiki yupo, wiki hayupo, na hapendi kiporo. Bajeti yangu ni 600,000, isizidi. Friji ninalo, dogo la mlango mmoja, juu lina kile kikasha cha barafu. Mita tunachangia na mpangaji mwenzangu. Umeme unakatika, ila siku hizi ni saa mbili tatu, si kama wakati ule wa mgao wa 2023.

Fundi_Baridi
Sasa tumeanza kuzungumza.

Kwanza hicho kikasha. Angalia mlangoni pake kama kuna alama ya nyota. Nyota moja maana yake kinafika nyuzi 6 chini ya sifuri, mbili ni 12, tatu ni 18. Chakula cha kukaa wiki na miezi kinataka 18 chini ya sifuri. Mafriji mengi ya mlango mmoja ninayoyafungua yana nyota moja au hayana kabisa. Humo utatengeneza barafu ya juisi, ukiweka mchuzi utakaa siku chache tu.

Pili mita. Friza la lita 200 likiwa zima na limewekwa mahali pa hewa linakula kama uniti moja kwa siku, jiko likiwa na joto linazidi. Mkiwa wapangaji wawili kwenye mita moja, uniti 30 za ziada kwa mwezi zinaweza kuwavusha zile uniti 75 kwa mwezi za bei nafuu ya matumizi madogo, na hapo bei ya uniti inaruka zaidi ya mara mbili. Ongea na mwenzako kabla ya kununua. Nimeona watu wakigombana mpaka kuhama kwa ajili ya friza.

Tatu, ukinunua chochote, nunua na kilinda friji chake siku hiyo hiyo. Umeme ukirudi kwa kishindo ndio unaoua kompresa.

BabaNeema_Moro
Dada MamaPili, naomba usome hili mpaka mwisho.

Mke wangu alipojifungua mtoto wa tatu niliamua kumpumzisha. Nikachemsha kilo nne za maharage ya njano, nikayaunga vizuri kwa nyanya, karoti na hoho. Kilo moja ikiiva inakuwa kama kilo mbili na nusu, kwa hiyo nilikuwa na ndoo imejaa, ile ya lita kumi ya mafuta ya kupikia. Ilikuwa saa tano usiku, nimechoka, nikafunika ndoo ikiwa bado ya moto nikaitumbukiza kwenye friza. Nilijiambia baridi itafanya kazi yake.

Asubuhi naikuta juu imeganda kama jiwe. Nikaridhika. Siku ya tatu naitoa nigawe, navunja barafu kwa mwiko, ukoko wa nje umeganda vidole vitatu, katikati ni uji. Ukanijia harufu ya togwa. Nilipokoroga, vipovu vikapanda. Katikati kulikuwa na joto usiku kucha, pengine na mchana wake, maharage yamechacha ndani ya friza linalofanya kazi vizuri kabisa. Na vyakula vya pembeni navyo viliyeyuka vikaganda tena, samaki wa mama mkwe wakiwamo. Vyote tulivifukia shambani. Mke wangu alikuwa na mtoto wa wiki mbili, na mimi nusura nimpe chakula kile.

Tangu hapo: sufuria inakaa ndani ya beseni la maji baridi, nakoroga, nabadilisha maji mara mbili tatu, nagawa kwenye vyombo vya kina kifupi, na ndani ya saa mbili tangu kuepua kila kitu kiko kwenye baridi. Ndoo haiingii tena kwenye friza langu.

Bint_Kisauni
Pole babake Neema. Huku kwetu Mombasa nyanya yangu husema chakula kifunikwe kimelala, yaani kimepoa.

Dadangu, mimi natumia mifuko ya zipu. Natia kiasi cha mlo mmoja, naibana hewa yote itoke, nalaza mfuko bapa kwenye sinia. Ukiganda unakuwa mwembamba kama daftari, unaisimamisha mingi mahali padogo, na jioni unayeyuka upesi. Ukitumia mkebe usiujaze hadi juu, kwani maji yakiganda hutanuka na mfuniko unapasuka. Chapati nazo nazipika nusu, kila moja na karatasi yake, kisha zinaganda. Sambusa naziganda mbichi, tokea Shaabani ziko tayari kwa mwezi mzima wa Ramadhani. Watoto wakitoka madrasa natia mafutani moja kwa moja, siyeyushi.

MamaPili_Kibamba
BabaNeema, asante sana. Mimi ningefanya vile vile, naapa. Nilikuwa nimeshatenga ndoo mbili.

Bint Kisauni, viazi je? Mchuzi wangu bila viazi wanangu hawali.

Bint_Kisauni
Viazi vikiganda ndani ya mchuzi hutoka kama sifongo, vinamumunyuka maji. Ganda mchuzi na nyama, viazi vichemshe siku ile ile.

MamaWanne_Mbeya
Hata tui la nazi linakatika. Kisamvu nachemsha bila nazi, nagandisha, tui natia siku ya kula. Kisamvu hicho hata mgeni hajui kama kimetoka kwenye barafu.

Bint_Kisauni
Mimi tui naganda na halinikatiki. Ni kulipasha kwa moto mdogo ukikoroga, usiliache lichemke kwa fujo.

MamaWanne_Mbeya
Labda nazi za huko. Huku Mbeya nazi inafika imechoka.

Mchumi_wa_Jikoni
Jamani tumehama. Na ile hoja ya kiporo? Baba mwenye nyumba hali kiporo, halafu tunamshauri mama agandishe vyakula vya wiki!

BabaNeema_Moro
Kiporo ni chakula cha jana kilicholala sufuriani juu ya meza. Kilichopoozwa, kikagandishwa, kikachemshwa tena mpaka kitokote si kiporo.

Mchumi_wa_Jikoni
Mkuu, kimepikwa lini? Jumamosi. Kinaliwa lini? Alhamisi. Kwetu Singida hicho ni kiporo, kipite kwenye barafu au kisipite. Na sisemi kwa ubaya, mimi mwenyewe nimekua nakula wali wa jana na chai na nimeusomea.

LisheMtaani
Huo wali wa jana ndugu yangu ndio ninaouogopa kuliko maharage. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi wali unapoiva. Wali ukikaa mezani usiku kucha wanazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata uukaange tena. Upooze upesi, uingie kwenye baridi, basi hauna shida.

Kuhusu swali lenyewe, nafanya kazi kliniki ya mama na mtoto na mimi ni mama wa watatu. MamaPili, kinachokuchelewesha si ugali wala mchicha. Ni maharage, kunde, makande na nyama ngumu. Chemsha hivyo tu, bila kuunga, gawa kwa milo, gandisha. Jioni unaunga kwa kitunguu na nyanya dakika 15 huku maji ya ugali yanachemka. Chakula kinanukia kipya kwa sababu kimeungwa kipya, hata baba wa Tunduma akiingia saa hiyo atakuta karai linalia. Maharage ya kuunga kabisa yakikaa kwenye barafu, kitunguu kinalegea na ladha inafifia.

Tena kumbuka chakula kilichopikwa kinakaa salama siku tatu mpaka nne kwenye friji la kawaida lenye baridi ya kweli, nyuzi 4 hivi. Cha Jumapili mpaka Jumanne hakihitaji kuganda. Unachohitaji kugandisha ni cha Jumatano mpaka Ijumaa. Je, kwa hicho unahitaji lita 200?

MamaWanne_Mbeya
Kuunga kabla ni bora. Viungo vinaingia ndani ya maharage. Mimi naunga yote na hakuna aliyelalamika.

LisheMtaani
Dada yangu, wewe una friza la nyuzi 18 na uko Mbeya kwenye baridi yako. Yeye yuko Kibamba, anashika sufuria saa mbili usiku na mpangaji anahesabu uniti.

Mwanahawa_Tegeta
Naomba niongezee la umeme. Friza lililojaa, usipolifungua, linashika baridi karibu saa 48. Likiwa nusu ni kama saa 24. Kwa hiyo katakata ya saa tatu haina neno. Tatizo ni ukisafiri. Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache humo. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini, ujue viliyeyuka vyote vikaganda upya, usimpe mtu. Mimi niliporudi kutoka msiba Lushoto sarafu ilikuwa chini ya kikombe, na nyama kwa macho ilionekana nzima kabisa.

MamaPili_Kibamba
Hii ya sarafu nitaifanya hata kwa kikasha changu.

Nimekwenda kuangalia, kina nyota mbili. Fundi, nyuzi 12 zinatosha maharage ya Jumatano mpaka Ijumaa?

Fundi_Baridi
Kwa siku hizo chache zinatosha, mradi mpira wa mlango unashika. Bana noti kwenye mlango, funga, ivute. Ikitoka yenyewe, mpira umechoka, badilisha kwanza. Na barafu ikijaa unene wa kidole, yeyusha, usiichokonoe kwa kisu. Kisu kimenipa wateja wengi, gesi ikishatoka kile kikasha hakitengenezeki kirahisi.

MamaPili_Kibamba
Noti imetoka.

Fundi_Baridi
Basi anza na mpira. Kabla ya kununua, osha ule uliopo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Mara nyingine ni uchafu tu.

Mchumi_wa_Jikoni
Kwa hiyo tumerudi kwangu: mpira mpya, presha kuka, chenji inabaki.

MamaWanne_Mbeya
Na Desemba wageni wakija utaniambia. MamaPili, mdogo wangu alinunua friji la milango miwili la mtumba, muuzaji akamwambia limetumika mwaka mmoja. Lilidumu miezi miwili. Ukichukua, chukua jipya lenye waranti iliyoandikwa tarehe na kugongwa muhuri.

Bint_Kisauni
Waranti ya huko ni miaka mingapi kwa kompresa? Hapa duka moja laniambia kumi, jingine laniambia mmoja.

Fundi_Baridi
Soma karatasi yenyewe. Mara nyingi ile mirefu ni ya kompresa kama kipuri, kazi ya fundi na gesi unalipa mwenyewe.

MamaPili_Kibamba
Nimeosha mpira, noti sasa inashika pande tatu, upande wa bawaba bado. Jumamosi hii nitaloweka kilo moja ya maharage, nichemshe bila kuunga, nipooze kwenye beseni kama BabaNeema, nigawe mifuko mitatu. Jirani ana presha kuka, nitaiazima. Friza bado nalitaka jamani, ila nitaanza na hayo nione wiki inakwendaje. Mpangaji mwenzangu nimemgusia, hajajibu.

Maharage gani yanaiva upesi? Ya njano au yale mekundu?

BabaNeema_Moro
Njano. Ila uliza ya msimu huu. Ya mwaka juzi hata uyapige presha saa nzima yanakutazama tu.

MamaWanne_Mbeya
Ya Mbeya, mpendwa. Nikutumie kwa basi? Debe moja utagawana na huyo mpangaji.