Walimu, 1/2 + 1/3 imekuwa 2/5 kwa nusu ya darasa langu. Nakosea wapi?

Mwl wa Tano: Habari za jioni wakuu. Nafundisha Hisabati darasa la tano, watoto 74. Andalio langu la somo lina kila kipengele, kuanzia utangulizi mpaka tafakuri, na mthibiti ubora alilipitia bila kuuliza swali. Darasani wanaitikia "ndiyo mwalimu" hadi raha. Jana nimesahihisha madaftari: zaidi ya nusu wamejumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu), asili kwa asili (namba za chini). Nimechoka jamani.

Chaki Mbili: Pole ticha. Zoezi ulilitunga saa ngapi?

Mwl wa Tano: Kipindi kikiwa kinakaribia kuisha 😅

Chaki Mbili: Basi ndiyo hapo. Anza na swali ambalo mtoto akilipata peke yake utajua ameelewa, kisha urudi nyuma upange shughuli za kumfikisha hapo. Na "ndiyo mwalimu" ya watoto 74 si tathmini, ni kwaya.

Mama Ubao: Chuoni tulikaririshwa hatua tisa za kufundisha za Gagné, yule mwanasaikolojia wa elimu, tukafanyia mtihani, tukazisahau. Ya tatu ndiyo tunairuka sana: kuwakumbusha wanachokijua tayari. Kunja karatasi mbili zinazolingana, moja nusu, nyingine theluthi. Waulize: 2/5 inafika nusu? Haifiki. Sasa umeongeza kitu kwenye nusu ukabaki na pungufu ya nusu? Watacheka wenyewe. Kisha kunja kila moja iwe na sehemu sita sawa, wahesabu: 3/6 na 2/6.

Kobe: Karatasi za watoto 74 ananunua nani? Na kipindi dakika 40!

Mama Ubao: Madaftari ya mwaka jana, karatasi mbili kwa kila dawati. Acha hizo.

Fundi Namba: Nyongeza. KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote), kubadili viasi, na maelezo yako juu yake, vyote kwa mpigo, ni mzigo mkubwa kwa kichwa cha mtoto. John Sweller, mwanasaikolojia wa elimu, ameandika sana kuhusu hilo. Mfano wa kwanza fanya wote ubaoni. Wa pili waachie mstari wa mwisho. Wa tatu waachie miwili. Usiwatupe kwenye zoezi moja kwa moja.

Mwl wa Tano: Mrejesho. Leo waliokosa ni 19. Nimewapitia mmoja mmoja: 11 kati yao sehemu wanazielewa, wanakwama kwenye kuzidisha. Hao nimewaita kesho saa moja kasoro, kabla ya mstarini.