Naomba ushauri: umoja na wingi wa maneno ya Kiarabu unanitoa jasho

Wakuu, heshima kwenu. Nipo Mwanjelwa, Mbeya, najifunza Kiarabu jioni nikishafunga duka. Mizizi, yaani konsonanti za msingi zinazozaa maneno, naielewa: k-t-b ndiyo imezaa kitab, katib na maktaba, kwa hiyo hata nikitafuta maktaba nafungua kamusi kwenye k. Hapo raha tupu, maneno mengi tunayo tayari kwenye Kiswahili.

Shida ni wingi. Sisi tuliona "ki" tukasema vitabu, kama viti. Wao wanasema kutub, irabu za ndani zinageuka. Halafu katib ni kuttab, ila maktaba ni maktabat! Ustadhi anasema nikariri tu.

Mliopita njia hii, mlikariri umoja na wingi pamoja, au kuna vipimo, yaani mipangilio ya irabu inayojirudia, vya kufuata? Na kamusi ya Kiarabu-Kiswahili inayoonyesha wingi naipata wapi huku Nyanda za Juu?