Kamera ya mbele ya treni ya mfano: analogi ya 5.8 GHz, ESP32-CAM au kamera ndogo ya Wi-Fi?

Mkuyuni_HO
Wakuu, tulinganishe kwa hoja. Meza ni HO (kipimo cha 1:87), reli ya milimita 16.5, urefu mita 4 kwa upana mita 1.2. Imefuata Mwanza Kusini: bandari, gati ya kuingiza mabehewa kwenye meli kama MV Umoja, halafu njia inapenya katikati ya majabali na handaki moja la kubuni. Umeme wa reli ni DCC, yaani amri za kidijitali za treni zinapita pamoja na umeme kwenye reli. Dereva anatakiwa aendeshe kwa kutazama skrini peke yake, na wageni waone picha hiyohiyo. Chaguo zilizopo ni kamera ya droni ya analogi iliyounganishwa na kirushio chake, ESP32-CAM (bodi ndogo yenye kamera na Wi-Fi), au zile kamera za mchemraba za Wi-Fi zinazotumia programu ya simu. Ipi inafaa, na umeme wake utoke wapi?

FundiNyakato
Anza na kuchelewa kwa picha, mengine yatafuata. Treni ya kilomita 60 kwa saa, kwa kipimo cha 1:87, inakwenda sentimita 19 kwa sekunde. Analogi ikiwa kwenye runinga ya kawaida huchelewa chini ya sekunde 0.05, yaani treni haijasogea hata sentimita 1. ESP32-CAM ikiwa na mtandao mzuri ni sekunde 0.2 hadi 0.5, sawa na sentimita 4 hadi 10. Kamera ya mchemraba huchelewa sekunde 1 hadi 3. Kwa sekunde 2 tu treni imeshakula sentimita 38, na behewa la abiria la mita 26 kwenye HO ni sentimita 30. Dereva anaiona taa nyekundu wakati behewa zima limeshaipita.

Kwa hiyo mchemraba utoe mezani. Baadhi zinalazimisha picha izunguke kwenye seva za nje kabla ya kurudi chumba hichohicho, unachoma bando kuangalia kitu kilicho mita mbili kutoka ulipokaa.

ESP_Kirumba
Nakubali kuhusu mchemraba. Ila ESP32-CAM isibezwe. Ni bodi ya milimita 27 kwa 40.5, inaingia kwenye behewa la mizigo la HO, na picha inafunguka kwenye kivinjari chochote bila kununua kipokezi.

Bodi haina soketi ya USB, unahitaji adapta ya USB kwenda serial. Unganisha 5V, GND, TX kwenda U0R, RX kwenda U0T, kisha unganisha GPIO0 na GND kwa waya, bonyeza reset, pakia CameraWebServer (programu ya mfano ya kurusha picha) ukiwa umechagua aina ya bodi AI Thinker. Ukimaliza toa waya wa GPIO0, bonyeza reset tena. Ikikuandikia 0x105, utepe wa kamera haujakaa: fungua kibano cheusi, usukume mpaka mwisho, funga. Weka VGA, 640 kwa 480, usipande zaidi ya hapo. Sensa ya OV2640 ina uwezo wa megapikseli 2 lakini ukiidai zote picha inaanza kukatika.

Inashika 2.4 GHz tu, kwa hiyo hotspoti ya simu isiwe kwenye 5 GHz. Ukiifanya bodi yenyewe irushe mtandao, kwa mipangilio ya kawaida anwani ni 192.168.4.1. Hapo zima data ya simu, kwa sababu simu nyingi za Android zikiona mtandao hauna intaneti zinahamia data kimyakimya na ukurasa haufunguki. Watu wanadhani bodi imekufa, kumbe simu ndiyo imehama.

Antena_Igoma
Mkuu, umesahau kumwambia mwenye mada kwamba ule mfano wa CameraWebServer unatoa video kwa mtazamaji mmoja kwa wakati. Mgeni wa pili akifungua, anabaki anazungushiwa duara. Itabidi kompyuta ipokee picha ndipo igawe kwa wengine, na kila hatua inaongeza kuchelewa.

Analogi haina hesabu ya watazamaji. Kirushio kimoja, vipokezi vitatu kwenye chaneli ileile, vyote vinaona. Chukua kipokezi chenye AV, chomeka kwenye runinga yoyote yenye matundu ya njano na nyekundu. Kile cha OTG cha kuchomeka kwenye simu kinafanya kazi ila kinaongeza kama sekunde 0.1, kiwe cha wageni, si cha dereva.

Nguvu iwe 25 mW. Usidanganyike na 200 mW kwa chumba cha mita tano, utapata joto na mwangwi wa bure. Kwenye droni kirushio kinapozwa na upepo, ndani ya behewa lililofungwa hakuna upepo. Toboa sakafu na paa. Na usiwashe kirushio bila antena hata kwa kujaribu tu, kinaweza kuungua.

Antena iwe ya mzunguko, ile ya umbo la jani la klova, pande zote mbili. Zikiwa RHCP (za mzunguko wa kulia) ziwe RHCP zote. Chumba chenye makabati ya chuma na bati juu kinarudisha mawimbi, na antena ya mzunguko inayakataa mengi ya yale yaliyogonga ukuta. Mfumo wa picha uwe PAL, si NTSC. Umeme wetu ni wa 50 Hz, ukiweka NTSC taa za chumba zinaleta mistari inayotembea kwenye picha.

Mkuyuni_HO
Wageni kuona wote ni hoja nzito. Sasa umeme: DCC si ipo kwenye reli muda wote? Kwa nini nihangaike na betri?

FundiNyakato
Hapo ndipo ngoma ilipo. DCC ni volti 14 hivi zinazogeuka chanya na hasi, kwa hiyo unahitaji daraja la daiodi nne za Schottky kama 1N5819, kapasita, na kigeuzi cha kushusha hadi 5V, MP1584 inatosha. Usitumie kishusha-volti cha 7805. Kutoka volti 15 hadi 5 kwa ampea 0.3 ni wati 3 za joto ndani ya plastiki.

Tatizo ni reli chafu. Unyevu wa ziwa na vumbi la hapa vinaacha ngozi nyeusi juu ya reli, na magurudumu yanakosa mguso kwa vipande vifupi. Kapasita ya 2200 µF, 25V, inaibeba kamera ya wati 1.3 kama sekunde 0.1 tu. Hiyo ni sentimita 2 za reli. Mguso ukipotea zaidi ya hapo, analogi inazima na kurudi upesi, lakini ESP32-CAM inaanza kuwaka upya na kutafuta Wi-Fi, sekunde kadhaa skrini imeganda na treni inaendelea. Ukiongeza makapasita makubwa bila kizuizi cha ohmu 100 mbele yake, kituo cha DCC kinadhani ni shoti na kukata.

Betri inamaliza yote hayo. Kwa analogi, LiPo (betri ya lithiamu) ya seli moja ya 300 mAh, kamera ikila karibu 300 mA, inakupa dakika 45 hivi. Acha ikifika volti 3.4. Moduli ya kuchaji TP4056 inakuja imepangwa ampea 1, nyingi mno kwa betri hiyo: badilisha kizuizi cha 1.2k uweke 4k, inashuka hadi 300 mA. Kwa ESP32-CAM tumia betri ya 18650, milimita 18 kwa 65, inalala vizuri kwenye behewa la nyuma yake, pamoja na MT3608 ya kupandisha volti. Pima na urekebishe MT3608 iwe 5.0V kabla ya kuunganisha bodi. Inaweza kufika volti 28 na bodi haitakupa nafasi ya pili.

ESP_Kirumba
Niongeze: ujumbe wa brownout (volti imeshuka mno) ukitokea kwenye serial, usikimbilie kuuzima kwenye kodi kama wanavyoshauri wengi. Ni waya mwembamba au mrefu. Fupisha, weka kapasita ya 470 µF mlangoni pa 5V ya bodi.

Mkuyuni_HO
Nimeelekea kwenye analogi na LiPo. Swali la mwisho: majabali na handaki yametengenezwa kwa wavu wa kuku, matundu ya milimita 12, juu plasta. Picha itapita?

Antena_Igoma
Haitapita vizuri, itajaa chenga. Urefu wa wimbi la 5.8 GHz ni milimita 52, matundu ya 12 kwake ni kizuizi kikubwa. Hata 2.4 GHz, ambayo wimbi lake ni milimita 125, inapungua nguvu sana. Wavu utoke kwenye handaki na kwenye jabali lolote lililo kati ya njia na kipokezi. Suka vipande vya katoni upana sentimita 2, funika kwa kitambaa kilicholowa plasta, uchoraji wa granite unabaki uleule. Kama hutaki kubomoa, ning'iniza kipokezi darini katikati ya meza, ila ndani ya handaki picha bado itasumbua.

BehewaZito
Mambo mawili ambayo hayajaguswa. Behewa la kamera ni jepesi, litaruka kwenye pointi (pale reli zinapogawanyika) ukilisukuma mbele ya kichwa cha treni. Kanuni ya NMRA, chama cha treni za mfano cha Marekani, kwa HO ni aunsi 1 na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu, kwa hiyo behewa la sentimita 15 liwe gramu 113 hivi, na nati za chuma za kuongeza uzito ziweke chini kabisa. Lenzi iwe milimita 34 juu ya reli, ndipo panapoangukia macho ya dereva aliye mita 3 juu ya reli halisi.

La pili ni fokasi. Kamera hizi zimepangwa kuona mbali, na kwenye meza kila kitu kiko sentimita 10 hadi 50. Kata tone la gundi pembeni ya lenzi kwa wembe, washa picha, weka gazeti sentimita 25 mbele, zungusha kinyume cha saa kidogo kidogo mpaka herufi zisomeke. Kisha tone dogo la rangi ya kucha kuishika. Gundi ya papo kwa papo usiiguse, mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye kioo.