Vielezi na virai vihusishi baada ya nomino za wingi katika Kiingereza

Swali: Walimu wenzangu, wanafunzi wangu wa kidato cha pili huandika "the keys to the door is lost", kwa kuwa "door" ndiyo iliyo karibu na kitenzi. Niwaelekezeje? Na je, "the people upstairs" ni sahihi, ilhali "upstairs" ni kielezi?

Jibu la kwanza: Kitenzi hupatana na nomino kuu, yaani "keys", hata kirai kihusishi kinachoifuata (hapa "to the door") kiwe kirefu namna gani, kwa hiyo ni "are lost". Waagize wakifunike kirai kwa kidole, kisha wasome sentensi iliyobaki.

Jibu la pili: Naam, "the people upstairs" ni sahihi. Vielezi vya mahali, kama vile "nearby" na "abroad", huweza kufuata nomino moja kwa moja, lakini vya namna, kama "quickly", kwa kawaida haviwezi. Nadhani kinachowatatiza wanafunzi zaidi ni kwamba Kiswahili hudai neno la kuunganisha lenye upatanisho wa ngeli, kama katika "watu wa ghorofani", ambapo Kiingereza hutegemea mpangilio wa maneno pekee.

Muulizaji: Ahsanteni. Basi hata "passers-by" (wapita njia) hufuata kanuni hiyo, kwani alama ya wingi hubaki kwenye nomino.