SAT: hizi sentensi za koma zinanimaliza, nisaidieni

nakawa_boy:
Jamani habari zenu, mimi nimemaliza S6 (kidato cha sita) nasomea SAT, ule mtihani wa kuingia vyuo vya Marekani, hesabu sina shida nayo ila kingereza kuna aina moja ya swali inaniangusha kila mara, wanakupa mwanzo wa sentensi, koma, halafu nafasi wazi ujaze. Nimetunga moja ifanane na zao:

"Riding to Owino on a boda boda, ____"
A. the rain soaked Amina's books
B. Amina's books were soaked by the rain
C. Amina saw the rain soak her books

Mimi naona zote sawa tu, mvua imenyesha vitabu vimelowa basi. Kosa liko wapi?

mama_wa_mbale:
Kijana, jiulize nani alikuwa kwa boda. Jina la kwanza baada ya koma ndilo linapanda. A umepandisha mvua, banange. B ndio mtego wenyewe, ukiona Amina mbele unadhani ni yeye kumbe kuna hiyo 's, waliopanda ni vitabu. Jibu C.

tororo_express:
Chagua fupi bro, SAT wanapenda fupi

mama_wa_mbale:
@tororo_express usimpoteze mtoto wa watu, A si ndio fupi kuliko zote hapo?

mwalimu_kla:
Sisi tuliokulia Kiswahili hatulisikii hili kosa haraka, kwa sababu ukisema "akienda Owino" ile a- imeshataja mtu, mvua ingekuwa "ikienda". Hiyo "riding" haijabeba mtu yeyote, inadaka jina lililo karibu. Na SAT ya kompyuta ni maswali 54 ya kusoma na kuandika kwa dakika 64, muda wa kutafsiri hauna. Ukiona imeanza na -ing au -ed halafu koma, soma jina la kwanza la kila jibu tu, lisiloweza kufanya hicho kitendo futa.

dada_entebbe:
Na GMAT je, ule mtihani wa kuingia shule za biashara, nako wanauliza hivi?

mwalimu_kla:
Walikuwa wanauliza dada, ila toleo jipya la mwishoni mwa 2023 wameitoa sehemu yote ya kusahihisha sentensi. Vitabu vya zamani bado vinamfaa huyu wa SAT kwa mazoezi.

nakawa_boy:
Asante sana mwalimu, na mama pia. Sasa nikiandika insha yangu mwenyewe, A haiponi kabisa?

mama_wa_mbale:
Inapona, mpe mwanzo mwenyewe wake: "While Amina was riding to Owino, the rain soaked her books." Ila kwa mtihani mwanzo huwa wameshaufunga, unachezea huku nyuma tu.