Annie M.G. Schmidt alifikaje kwenye uandishi wa watoto akitokea maktabani?

Mkutubi wa Jinja:

Ndugu wasomaji, natunza maktaba ndogo ya shule ya msingi hapa Jinja. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima, walimu wananijia wakitaka hadithi za kuwasomea watoto wadogo, nami ninazo chache mno, hivyo nimeanza kuandika zangu mwenyewe. Mwenzangu mmoja amenishauri nisome habari za Annie M.G. Schmidt wa Uholanzi, kwa kuwa naye alikuwa mkutubi. Naomba anayemfahamu anieleze: kazi ya maktaba ilimfaa nini, na ilikuwaje akaanza kuchapisha vitabu akiwa mtu mzima?

Mwalimu wa Mbarara:

Ndugu Mkutubi, swali lako ni zuri. Mwandishi huyo alizaliwa tarehe 20 Mei 1911 katika kijiji cha Kapelle, mkoa wa Zeeland, akiwa binti wa mchungaji. Alifanya kazi ya ukutubi Amsterdam, kisha katika mji wa bandari wa Vlissingen, ambako alisimamia maktaba wakati majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yameikalia nchi. Baada ya vita, mwaka 1946, alijiunga na Het Parool, gazeti lililokuwa limechapwa kwa siri na wapinzani wa utawala huo, lakini hakuajiriwa kuandika. Alipewa kazi ya kutunza kumbukumbu. Wenzake walikitambua kipaji chake kupitia mashairi aliyoyatunga kwa ajili ya kikundi cha burudani cha wafanyakazi wa gazeti. Diwani yake ya kwanza ya watoto ilitoka mwaka 1950, akikaribia miaka 40, na jina la kitabu hicho limetokana na birika dogo linalopiga mluzi jikoni ilhali wenye nyumba hawapo.

Mimi naamini gazeti lilimfunza zaidi kuliko maktaba. Kuanzia 1952 hadi 1957 aliandikia Het Parool visa vya Jip na Janneke, watoto wawili majirani, na kila kisa kilipaswa kuanza na kwisha katika nafasi finyu. Katika kisa cha kwanza, Jip amechoka kukaa bure bustanini, anaona kitundu katika ua wa miti, anachungulia, na upande wa pili anaona pua ndogo, mdomo mdogo na macho mawili. Anajaribu kupenya, anakwama, na baba yake anakuja kumnasua. Hakuna zaidi ya hayo, na mtoto wa miaka minne anakifuata chote. Mchoraji Fiep Westendorp aliwachora watoto hao kama vivuli vyeusi, ambavyo vilionekana vizuri hata kwenye karatasi duni ya gazeti. Nawe ukiandika, tafuta mchoraji mapema, kwa maana Jip na Janneke hawatenganishwi na michoro ile.

Mama Msomaji, Kampala:

Mwalimu, naheshimu maoni yako, ila maktaba usiipuuze. Mtu aliyekaa miaka mingi akiwaona watoto wakichagua vitabu na kuvirudisha bila kuvimaliza anajua mtoto anapochoshwa, na katika vitabu vyake hutakuta ukurasa unaomhubiria msomaji. Ana shairi ambamo mtoto anakataa hata kutoa mkono wa salamu. Hapa kwetu, ambako watoto wengi hufundishwa kupiga magoti wanapomwamkia mkubwa, najua wazazi watakaokunja uso. Hata hivyo watoto wake hawana ukatili. Pluk, mvulana katika kitabu chake cha mwaka 1971, anamkinga mende aitwaye Zaza dhidi ya Bi Helderder, asiyevumilia uchafu wowote, kisha anapigania bustani wanamochezea watoto isikatwe miti na kusakafiwa. Anayeishi Kampala haelezwi mara mbili uchungu wa kupoteza kiwanja cha watoto.

Mkutubi wa Jinja:

Nawashukuru sana, Mwalimu na Mama. Naomba jambo moja tu: je, maandishi mepesi namna hiyo yalipata heshima kwa wasomi, na nianze na kitabu gani?

Mwalimu wa Mbarara:

Yalipata. Mwaka 1964 alipewa tuzo ya taifa ya fasihi ya watoto, na mwaka 1987 tuzo ya Constantijn Huygens, ambayo hutolewa kwa kazi nzima ya mwandishi, si kwa ajili ya watoto pekee. Kumbuka kwamba aliandika pia michezo ya redio na ya jukwaani kwa ajili ya watu wazima. Mwaka 1988 alipokea Tuzo ya Hans Christian Andersen, tuzo ya kimataifa ya fasihi ya watoto, na aliyemkabidhi alikuwa Astrid Lindgren, mwandishi wa watoto wa Uswidi. Alifariki Amsterdam tarehe 21 Mei 1995, siku moja baada ya kutimiza miaka 84.

Anza na Minoes, kitabu cha 1970 kuhusu paka aliyegeuka mwanamke, anayemletea mwandishi wa habari mwenye haya habari zinazokusanywa na paka wa mji mzima. Kimetafsiriwa kwa Kiingereza, hivyo unaweza kukiagiza kupitia duka la vitabu.